Mheshimiwa Amekataa Mara Nne

Nchi yetu ina adabu kuliko nchi zote zinazopakana nayo. Si mimi ninayesema hivyo, imeandikwa kwenye bango pale mpakani, upande wa kutokea. Jina la nchi sitalitaja, maana kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa wiki hii kwa ajili ya semina ya kuharakisha vibali.

Adabu yetu kubwa ni ya kukataa. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula hanyooshi mkono. Atasema nimeshiba. Ataambiwa walau tonge moja. Atasema jamani, nimekula sasa hivi. Ataambiwa utatuvunjia heshima. Atasema mbona mnanisumbua, ataambiwa tena, na hapo ndipo atakaposema basi, nisiwaudhi, anawe, amalize ugali wa nyumba nzima. Watoto wetu hujifunza jambo hili kabla ya kutembea. Anayepokea anapokaribishwa mara ya kwanza ni mlafi, na mlafi kwetu hapati mchumba.

Serikali, kwa kuwa inatupenda, ikaigeuza adabu hiyo kuwa sheria. Inaitwa Sheria ya Staha. Kiongozi haruhusiwi kupokea chochote cha dola mpaka akikatae mara tatu mbele ya watu, na watu hao wambembeleze mara tatu. Tangu hapo uroho umekwisha nchini. Hata askari wetu wa barabarani hukataa mara tatu kabla ya kupokea, jambo ambalo limeongeza foleni lakini limeondoa rushwa. Na Kiongozi Wetu Mkuu, ambaye hataki kabisa kutawala, hukataa mara tatu kuongezewa muhula kila muhula unapokwisha, nasi tunambembeleza hadi sauti zinatukauka. Ni mzee mnyenyekevu sana.

*

Wilayani kwetu tulikuwa na Mkuu wa Wilaya aitwaye Mheshimiwa Zefania Mkungule. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu sina hakika kama nitapata nafasi ya kulisema baadaye.

Mheshimiwa alikuwa na kishikwambi alichopewa na serikali, Toleo la Sita. Kilikuwa kizima. Pembeni kilikuwa na ufa mdogo, kumbukumbu ya siku kilipotumbukia kwenye sufuria ya maharage katika ziara ya kukagua lishe, lakini kiliandika, kilisoma, kilipiga picha, na kila alasiri kilicheza naye drafti na kumfunga. Mtu hahitaji zaidi ya hapo ili kuongoza wilaya.

Kisha ukaja waraka kutoka makao makuu kwamba limetoka Toleo la Saba. Waraka ulieleza kuwa Toleo la Saba ni jembamba kuliko la Sita kwa unene wa ukucha, kwamba rangi yake ni kijivu cha mbalamwezi, na kwamba kamera yake ina uwezo wa kupiga picha ya mradi hata kabla mradi haujajengwa. Mheshimiwa aliusoma waraka huo kwenye Toleo la Sita, akaona haya, kama mume anayemwomba mkewe amsomee barua ya posa ya mke wa pili.

Mkewe, Mama Eliwaza, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hana subira na mambo yasiyojumlishika, alimuuliza hilo jipya litafanya nini ambacho la zamani halifanyi. Mheshimiwa akafikiri, akasema ni jembamba. Mama Eliwaza akasema daktari alimwambia yeye ndiye apungue, si kishikwambi. Hapo Mheshimiwa akatoa hoja yake kubwa. Kwenye vikao vya mji mkuu, wenye Toleo la Saba huketi mbele, karibu na feni na sambusa, na wenye la Sita huketi nyuma karibu na mlango wa choo. Mwenzake wa wilaya jirani alikuwa ameshabembelezwa tangu mwezi uliopita na sasa alikuwa anakula sambusa. Hoja ya sambusa ilikuwa na uzito.

Lakini waraka ulikuwa na aya ya mwisho. Toleo la Saba halili umeme wa jenereta, kwa kuwa moshi unalidhalilisha. Linataka jua. Na kwa mujibu wa kanuni, kifaa cha dola hakichangii nishati na kifaa cha raia. Mjini kwetu nguzo za umeme ziko njiani tangu Mheshimiwa akiwa darasa la tatu, na sola ilikuwa moja tu, juu ya paa la zahanati. Ndiyo iliyoendesha friji ya chanjo.

*

Mheshimiwa alikwenda mwenyewe zahanati, bila msafara, jambo lililowatia watu hofu. Muuguzi mkuu, ambaye pia ndiye muuguzi mdogo na ndiye mfagizi, alikuwa Bi Siwatu, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo.

"Nimekuja kutazama tu," alisema Mheshimiwa.

"Karibu, Mheshimiwa. Unatazama nini?"

"Hali."

Bi Siwatu akamwonyesha hali. Akafungua friji, akamwonyesha vichupa vimejipanga, akafunga upesi baridi isitoke. Mheshimiwa akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mtu mwingine, kama chanjo haziwezi kukaa bila friji.

"Kukaa zitakaa. Ila zikipata joto zinakuwa maji tu. Nitamchoma mtoto sindano ya maji, atalia bure."

Mheshimiwa akasema makao makuu wameahidi zahanati sola nyingine, na kwamba iko njiani. Bi Siwatu akauliza kama inakuja gari moja na nguzo. Mheshimiwa akacheka peke yake.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Zamaradi, yule anayekaanga mihogo karibu na stendi, amempakata binti yake aitwaye Shani. Bi Siwatu alikuwa akimweleza amrudishe mtoto mwezi ujao atakapotimiza miezi tisa, achomwe ya surua. Shani akamwona Mheshimiwa, akakiona na kishikwambi, akakivuta na kuanza kukinyonya kwenye ufa. Mama yake akaomba radhi sana. Mheshimiwa akasema hakuna neno, akakipangusa mate, akaondoka akikwepa kuitazama friji.

Siku zilizofuata alikula kidogo. Alimwambia mkewe kwamba amekata shauri, atakataa.

"Kukataa lazima ukatae," alisema Mama Eliwaza. "Ninachouliza ni kama utakataa kweli."

Mheshimiwa akasema atakataa mara ya nne. Katika historia ya nchi yetu hakuna aliyewahi kukataa mara ya nne. Alikuwepo mmoja aliyekataa mara mbili tu, akafungwa kwa ulafi, lakini mara ya nne haikuwa hata na jina. Mama Eliwaza alimtazama mumewe kwa heshima ambayo hajamtazama nayo tangu harusi, akampakulia tena.

Alasiri ile ile, katikati ya drafti, Toleo la Sita likaganda. Kete zikasimama, kioo kikawa cheusi. Na Mheshimiwa, mtu mwema, mtu aliyekwisha kukata shauri, akasikia furaha ikimpanda kifuani kama mrithi aliyesikia tajiri anakohoa. Alijionea aibu kabla furaha yenyewe haijaisha. Kisha kioo kikawaka, kete zikarudi, na kishikwambi kikamfunga kama kawaida.

*

Maandalizi ya kubembeleza yalikuwa mikononi mwa Afisa Mabembelezo wa Wilaya, Bwana Kiguta, msomi aliyesomea shahada ya kusihi. Yeye ndiye hupanga nani asimame wapi, nani apige magoti lini, na nani alie. Kuongoza kilio alimchagua Zamaradi. Kila mtu mjini alimjua. Msibani Zamaradi akianza, hata waliomdai marehemu huondoka bila kutaja deni.

Zamaradi aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli sola ya zahanati itahamishwa. Bwana Kiguta akamjibu kwamba nyingine iko njiani, na kwamba kubembeleza ni adabu tu. Akamuuliza: mgeni akikuambia ameshiba, utamwacha alale njaa? Swali hilo kwetu halina jibu. Zamaradi akakubali, akapewa kanga ya sherehe iliyoandikwa TUNAKUSIHI POKEA.

Siku ikafika, tukajaa katika ukumbi wa wilaya. Aliyekuja kukabidhi alikuwa Naibu Waziri wa Vifaa na Staha, mtu wa sauti nzito na koti zito zaidi. Alihutubia kwa muda mrefu. Alisema taifa lisilobadili vishikwambi ni taifa lisilobadili mawazo, na taifa lisilobadili mawazo ni sisi miaka ya nyuma. Alisema wembamba wa Toleo la Saba ni ishara ya serikali iliyofunga mkanda. Tulipiga makofi pale Bwana Kiguta aliponyanyua kitambaa cheupe, na tukanyamaza alipokishusha.

Kisha boksi likaletwa juu ya mto wa mahameli.

Mheshimiwa akakataa. Akasema cha zamani kinafaa. Tukambembeleza.

Akakataa tena, akasema wapo wanaostahili zaidi yake. Tukambembeleza, wazee wakavua kofia.

Akakataa mara ya tatu, akasema hana cha kusema. Zamaradi akaachia kilio, tukapiga magoti, na bendi ikaanza wimbo wa kupokea. Naibu Waziri alikuwa ameshanyanyua boksi.

"Hapana," alisema Mheshimiwa. "Sasa nasema kweli. Sitaki. Sola ibaki zahanati."

Bendi ikakatika. Kwa kitambo hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu sheria ilikuwa imeishia pale nyuma. Naibu Waziri alimtazama Bwana Kiguta. Bwana Kiguta alikuwa amejifunika uso, mabega yanatikisika. Tulidhani anacheka. Kumbe analia. Akasema kwa sauti ya kukwama kwamba katika maisha yake ya kazi hajaona staha ya namna hii.

Ndipo tukaelewa. Ikiwa mara tatu ni adabu, mara nne ni utakatifu. Mtu wa namna hiyo angeachwaje bila kishikwambi? Zamaradi aliangua kilio ambacho hakikuwa cha mazoezi, akajikokota kwa magoti hadi miguuni pa Mheshimiwa, akasema baba, usitufanyie hivi, pokea, wewe ndiye unayestahili. Nasi sote tulimfuata. Tulimsihi siku ile kama ambavyo hatujawahi kumsihi mtu, wengine hadi wakapoteza viatu. Mheshimiwa alitikisa kichwa, akasema hapana, hapana, jamani hapana.

Bi Siwatu pekee hakusihi. Alikuwa amesimama ukingoni na sare yake, na hakuwa anamtazama Mheshimiwa usoni. Alikuwa anamtazama mikono. Mdomo ulipokuwa ukisema hapana, mikono ilikuwa imeshatangulia mbele, viganja juu, kama ya mtu anayesubiri kumiminiwa maji ya kunawa.

Naibu Waziri akaliweka boksi pale. Vidole vikafumba.

"Basi," alisema Mheshimiwa. "Nisiwaudhi."

*

Sola ilishushwa siku hiyo hiyo, mafundi walikuwa wameshakuja na ngazi. Ikapandishwa juu ya paa la ofisi ya wilaya, fremu yake ikapakwa rangi ya bendera.

Ikagundulika kwamba Toleo la Saba, kwa wembamba wake, hupata joto kali mchana. Kijitabu cha maelekezo kilishauri liwekwe mahali penye ubaridi. Friji ya zahanati ilikuwa imekaa bure, haina umeme, na serikali yetu haipendi mali ikae bure. Ikabebwa hadi ofisini kwa Mheshimiwa, ikachomekwa kwenye sola, na kila ifikapo saa sita Toleo la Saba likawa linalazwa ndani, kwenye rafu ya katikati, juu ya kitambaa.

Bi Siwatu alikuja na kiboksi chake cha chanjo. Alisema maadamu friji iko hapa na inafanya kazi, anaomba rafu ya chini tu. Mheshimiwa alitaka kukubali. Moyo ulimuuma kwelikweli, na hilo namshuhudia. Lakini friji sasa ilikuwa kifaa cha kuhudumia kifaa cha dola, na kanuni ya kutochangia ilikuwa wazi. Aliomba kibali makao makuu kupitia Toleo la Saba, na Toleo la Saba lilituma ombi kwa kasi ya ajabu. Jibu lilirudi papo hapo kwamba kibali kiko njiani. Bi Siwatu akasubiri barazani mpaka barafu ya kwenye kiboksi ikayeyuka yote, kisha akaondoka bila kuaga.

Jioni moja, akitafuta njia ya kutuliza nafsi, Mheshimiwa alikwenda kuipiga picha zahanati ili makao makuu waone paa lilivyo tupu. Akapiga, akatazama. Kwenye picha, juu ya paa, palikuwa na sola mpya inang'aa. Kamera ilikuwa imefanya kazi yake. Alipiga tena kwa upande mwingine, sola zikawa mbili, na mbele ya zahanati wamesimama akina mama wanacheka. Kabla hajajua afanye nini, kifaa kilikwisha kuituma, na makao makuu wakajibu kumpongeza kwa kukamilika kwa mradi na kufunga faili la sola.

Angeweza kuandika kusahihisha. Alianza hata kuandika. Aliandika "Kwa heshima na taadhima," akaitazama tena ile picha, akaona ilivyopendeza, akaona jina lake chini yake, akafuta.

Zamaradi alimrudisha Shani mwezi ulipofika. Bi Siwatu akamwambia chanjo hakuna, arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata akamwambia vile vile. Zamaradi hakuwa na hasira, alikuwa ameambiwa iko njiani.

Surua haikuwa na kawaida ya kukataa hata mara moja. Ilikaribishwa, ikaingia.

*

Baada ya watoto wengi kuugua na wengine kuzikwa, serikali, ambayo haifumbii macho uzembe, iliunda Tume. Tume ilikuja na magari marefu, ikaketi katika ukumbi ule ule, ikaitazama video ya sherehe mara kadhaa. Kila mjumbe alikuwa na Toleo la Saba lake. Video ilionyesha bayana kwamba Mheshimiwa alikataa, akakataa, akakataa, akakataa, na kwamba alisema kwa kinywa chake sola ibaki zahanati. Ilionyesha pia umati wa wananchi wakimlazimisha, baadhi yao bila viatu. Mpiga picha, kama wapiga picha wote wa serikali, alikuwa ameelekeza kamera usoni pa Mheshimiwa. Mikono haikuonekana.

Bi Siwatu aliomba kusema alichokiona. Mwenyekiti wa Tume akamshukuru, akasema ushahidi wa video unajitosheleza.

Tume ikaamua kwamba wananchi wana hatia. Hata hivyo, kwa huruma, hakuna atakayefungwa. Wangekwenda mmoja mmoja kumwomba radhi Mheshimiwa, na utaratibu wa radhi ungefuata Sheria ya Staha. Anayeombwa atasema "huna kosa" mara tatu, anayeomba atasisitiza mara tatu, kisha atasamehewa. Tulipanga foleni kutoka mlango wa ofisi hadi stendi. Aliyewekwa wa kwanza ni Zamaradi, kwa kuwa ndiye aliyelia kuliko wote.

Aliingia na Shani mgongoni. Alipomshusha tukaona jinsi surua ilivyomwacha. Jicho la kushoto lilikuwa limekuwa jeupe lote. La kulia lilikuwa zima. Zamaradi akapiga magoti.

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba radhi. Ulisema hutaki, nikakung'ang'aniza."

"Huna kosa," alisema Mheshimiwa.

Mlangoni Bwana Kiguta akanyanyua kidole kimoja, ili hesabu isipotee.

"Ninalo, baba. Ulisema sola ibaki. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Mama, nisikilize." Sauti ya Mheshimiwa ilikuwa imebadilika. "Huna kosa. Kosa ni langu. Nilikitaka. Nilikitaka tangu siku nilipousoma waraka."

Zamaradi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama tunavyoitikia mgeni anapotuambia ameshiba. Nyuma kwenye foleni watu walinong'onezana kwamba jamani, mtu huyu ana staha. Bwana Kiguta akanyanyua vidole viwili.

"Unanihurumia tu," alisema Zamaradi. "Mimi silali. Nikimtazama mtoto najiuliza nililia ya nini. Nisamehe nipate kulala."

"Nilinyoosha mikono," alisema Mheshimiwa, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Muulize Siwatu. Mdomo ulikataa, mikono ikapokea. Huna kosa hata kidogo."

Vidole vitatu. Umati mlangoni ukavuta pumzi kwa kupendezwa. Wengine walikuwa wanalia. Zamaradi alibaki pale pale kwenye magoti, anasubiri, kwa kuwa yeye alikuwa amemaliza sehemu yake. Shani alikuwa ametambaa hadi kwenye meza na anageuzageuza kichwa, akilitafuta Toleo la Saba kwa jicho lake moja.

Mheshimiwa alijua kwamba kuna mara ya nne. Nchi nzima ni yeye peke yake aliyewahi kufika huko. Alijua pia kwamba huko maneno hayasikiki, na kwamba akitaka kusikika itambidi ainuke kitini, apande ngazi, aishushe sola kwa mikono yake, abebe friji apite nayo mbele ya foleni yote hii hadi zahanati. Aliitazama ngazi, ilikuwa bado imeegemezwa nje ya dirisha. Ilikuwa karibu saa sita. Kwenye meza, kishikwambi kilikuwa kimeanza kupata joto.

"Nimekusamehe," alisema.

Zamaradi akamshukuru sana, akambusu mkono, akambeba mwanawe, akatoka. Bwana Kiguta akashusha vidole na kumwita anayefuata.